Kasoro Arobaini Kabla ya Chupa ya Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta njiani kwenda kiwandani. Nimeamua kuandika yote nitakayoyaona huko mpaka mvua hizi ziishe, kwa sababu ripoti ya mkaguzi haina nafasi ya neno kinyaa, nami nahisi nitalihitaji.

Kazi yenyewe ni hii. Kiwanda kipya kinataka kutengeneza maji ya dripu, yale yanayoning'inizwa juu ya kitanda cha mgonjwa yakaingia mshipani tone kwa tone. Hospitali zimetangaza zabuni, na sharti moja la zabuni ni cheti cha kuthibitisha kwamba kiwanda kina mfumo wa kusimamia ubora na kwamba mfumo huo unafanya kazi. Zabuni inafungwa mwisho wa Mei. Kiwanda hakijatengeneza hata chupa moja. Kwa hiyo nimetumwa kukagua ubora wa kitu ambacho bado hakipo.

Watu hucheka nikisema hivyo, lakini si upuuzi. Kabla mpishi hajawasha moto unaweza kuangalia kama visu vyake vina makali, kama maji yake ni safi, na kama anajua afanye nini chungu kikiungua. Tena huo ndio wakati mzuri wa kuangalia, maana bado hakuna aliyekula.

Mkurugenzi amenipokea mlangoni na mwavuli. "Shikamoo mzee wetu. Leo tumepata baraka mbili, mvua na wewe." Ni mtu wa kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa anazo nyingi. Chumba cha mikutano kinanuka rangi mbichi. Mezani kuna mafaili kumi na mawili mapya, yamepangwa kwa rangi kama vitambaa dukani.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza na Kitabu cha Kasoro. Mahali popote penye akili pana kitabu cha namna hiyo: kimeharibika nini, kwa nini, kimefanywa nini, nani amethibitisha. Kasoro ikishathibitishwa kwamba imekwisha, inaandikwa "imefungwa". Mficha uchi hazai, na kiwanda kinachoficha kasoro zake hakizai kitu cha maana. Ndiyo sababu huwa nakiomba kitabu hicho kwanza.

Kasoro arobaini. Zote zimefungwa.

Kasoro ya saba: chupa tisa zimepasuka wakati wa kujazwa. Mashine ya kujaza nimeiona leo asubuhi kwa macho yangu, iko ndani ya sanduku la mbao, misumari haijang'olewa. Kasoro ya kumi na tano: mteja amelalamika kwamba kifuniko ni kigumu, ameombwa radhi, ameridhika. Nilikaa nikaitazama sentensi hiyo kama mtu aliyekuwa akitafuta unywele kwenye chakula, akagundua sahani nzima ni nywele.

Nikamwita msimamizi wa ubora. Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, msafi, mkimya, kila mtu anamwita Dada wa Ubora.

"Dada, huyu mteja wa kasoro ya kumi na tano ni nani?"

"Hayupo, mzee."

"Na radhi aliombwa na nani?"

"Na mimi."

Hakuwa anafanya mzaha. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Mshauri wetu alisema mkaguzi akikuta hakuna kasoro atashuku. Akasema ishirini ni chache, mia ni uzembe, arobaini inatosha."

"Mliziandika kwa siku ngapi?"

"Mbili. Siku ya pili tulichoka, ndiyo maana kuanzia ya thelathini zinafanana."

Nimerudi nyumbani sina hamu ya kula.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mke wangu amechungulia begani kwangu akasema, "Miaka arobaini unatueleza sisi, sasa tumechoka unalieleza daftari." Ana haki.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimemwona huyo Mshauri. Ni kijana mtanashati ambaye huuza mafaili yale yale kumi na mawili kila mahali, akibadilisha jina la kiwanda tu. Nina hakika, maana kwenye faili la tisa amesahau: limeandikwa kwamba wafanyakazi wavae viatu vya kuzuia pamba. Pamba, kwenye kiwanda cha dripu.

Nilipomuuliza kuhusu zile kasoro arobaini akatabasamu kwa heshima. "Mzee, si ndiwe uliyetufundisha? Nilikuwa kwenye semina yako, nimekaa safu ya pili. Ulisema lisiloandikwa halikufanyika."

Nilisema hivyo. Nimesema hivyo kwenye kumbi nyingi, na watu wakaandika kwenye madaftari. Nilimaanisha kwamba mtu akifanya kazi aiandike, ili atakayekuja baada yake aone alipokanyaga. Hawa wamelichukua neno langu wakaligeuza kama soksi: lililoandikwa limefanyika. Kinyaa cha leo sijui nimpe nani. Kipande kimoja nimebaki nacho mwenyewe.

Alhamisi, 14 Machi

Paa la ghala linavuja. Pamewekwa ndoo chini ya tundu. Ndoo ina kibandiko chenye namba ya hati.

Jumanne, 19 Machi

Nimekisoma kitabu chao upya, polepole, maana hata uongo una mpangilio wake na mpangilio huo hufundisha. Zote arobaini zimeandikwa kwa wino mweusi na zimejazwa kila kisanduku. Zote isipokuwa moja. Ya ishirini na tatu ina wino wa bluu, mwandiko mkubwa ulioinama, na sehemu ya "chanzo" iko wazi. Inasema hivi:

"Tanuri. Kona ya nyuma kushoto haipati moto kama pengine. Nimejaribu mara tatu na chupa za maji. 114, 113, 114."

Chini yake, kwa wino mweusi: Imerekebishwa. Imefungwa. Na sahihi ya Dada wa Ubora.

Hapa nieleze. Chupa za dripu zikishajazwa huingizwa kwenye tanuri la mvuke, sanduku kubwa la chuma lenye mlango kama wa benki. Humo ndani lazima kila chupa ifike nyuzi 121 na ikae hapo robo saa. Chini ya hapo baadhi ya vijidudu hubaki hai. Maji ya kunywa yakiwa na vijidudu tumbo linaweza kupigana. Mshipa hauna tumbo.

Nikashuka kumtafuta fundi wa tanuri. Nimemkuta amekaa juu ya debe anafuta mpira wa mlango kwa kitambaa. Ni mtu mzima wa makamo, mikono ina makovu ya mvuke.

"Fundi, ya ishirini na tatu ni yako?"

"Ni yangu, mzee."

"Ulijuaje kwamba uandike humo?"

Akaniangalia kama ninayemuuliza kwa nini anapitia mlangoni. "Nilikuta kitabu mezani kimeandikwa Kasoro. Mimi nilikuwa nayo."

"Walikuja kuirekebisha?"

"Nani?"

Siku mbili wamekaa watu wawili wenye elimu wanatunga uongo, na huyu akapita katikati yao akaweka neno moja la kweli. Halafu wakalifunga pamoja na mengine, kwa kalamu ile ile, bila hata kulisoma.

Jumatano, 20 Machi

Nimepeleka ripoti ya hatua ya kwanza. Sheria yetu ni kwamba ukidai jambo utaje ushahidi kwa namba. Nimetaja namba ishirini na tatu.

Alhamisi, 28 Machi

Lango limefunguliwa na Fundi. Amevaa koti la mlinzi lililomwishia viwikoni.

"Umehamia huku?"

"Nimehamishwa. Mahitaji ya kazi." Akaangalia kushoto na kulia. "Mkurugenzi aliniuliza nani aliniruhusu kuandika kwenye kitabu cha ofisi."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia sikujua kama kasoro zina ruhusa."

Alicheka kidogo, mimi sikuweza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba langoni yuko kwa mwezi mmoja tu, baadaye wataona. Ana mke na mama mzee. Miaka miwili alikaa bila kazi kabla ya hii. Na mimi, bingwa wa ushahidi, ndiye niliyewaelekeza kwake kwa namba. Ningeweza kuomba kuliona tanuri kwanza, nikakuta kasoro mwenyewe, ikawa yangu. Sikufikiri. Kinyaa hakina adabu. Kikishazoea njia ya kwenda kwa wengine, hurudi kwako kwa njia hiyo hiyo.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua imekata barabara. Sikwenda.

Jumanne, 9 Aprili

Nimedai jaribio. Nimemwambia Mkurugenzi kwamba kabla uzalishaji haujaanza jaribio ndilo shahidi pekee asiyeweza kufundishwa la kusema: tanuri lijazwe chupa za maji, vipimajoto kumi na viwili viwekwe kila pembe, tuone.

Akanijaza maneno. Kwamba tanuri ni jipya kutoka ng'ambo. Kwamba lina hati ya mtengenezaji. Kwamba nikague mfumo, nisikague mashine. Nikamsikiliza mpaka akaisha maneno, kisha nikamwambia, "Mwanangu, mfumo wako unasema kasoro ya ishirini na tatu imerekebishwa. Ninakagua mfumo. Nionyeshe ilivyorekebishwa."

Akakubali. Tukashuka. Hapo likatokea jambo ambalo kwenye ripoti nimeliandika kwa mstari mmoja, ila hapa nitaliandika lilivyokuwa. Hakuna aliyejua kuliendesha tanuri. Katika faili la tano kuna wafanyakazi sita waliopewa mafunzo, tarehe zipo, sahihi zipo, alama za mtihani zipo, wa chini kapata tisini. Wote sita wakasimama mbele ya mlango ule wa chuma kama wageni kwenye msiba wasiomjua marehemu. Mmoja akagusa gurudumu la mlango akaondoa mkono.

"Aliyekufundisha ni nani?" nikamuuliza.

"Mzee, mimi nilisaini tu. Walisema tutafundishwa tukianza."

Ikabidi Fundi aitwe kutoka langoni. Akaja na koti lake fupi, kofia ya ulinzi ameishika mkononi. Akapanga chupa, akaweka vipimajoto, akafunga mlango, akawa anasikiliza mvuke huku kichwa kimeinama. Tulingoja. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba Mkurugenzi alilazimika kukaa kimya, na hilo lilinipumzisha.

Vipimajoto kumi na kimoja vilisoma 121 na kidogo juu. Cha kona ya nyuma kushoto, 113.

Mkurugenzi akasema kipimajoto ni kibovu. Tukabadilisha, tukarudia. 114. Akasema, mbele ya watu wote, "Labda ni kwa sababu limeendeshwa na mlinzi."

Fundi akawa anapangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Mimi niliangalia mdomo wa Mkurugenzi, ule mdomo wa asali, nikajua kinyaa cha leo nimpe nani. Dada wa Ubora alikuwa ameandika namba zote kumi na mbili. Nikaona amefika kwenye ile ya mwisho akasita, kisha akaiandika ilivyo.

Jumatano, 10 Aprili

Nimemwambia mke wangu habari za jana. Amesema, "Huyo Dada usimtupe. Kuna mtu humo." Mimi nilikuwa nimekwisha kumtupa.

Jumanne, 16 Aprili

Kikao. Mtengenezaji amejibu kwamba bomba la mvuke la upande huo ni jembamba, na la kubadilisha litafika baada ya miezi minne. Zabuni inafungwa wiki sita kuanzia leo. Mkurugenzi akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza nikaona si mwovu, ni mtu anayeogopa kuonekana ameshindwa. Hilo halipunguzi kitu, ila ni vizuri kujua.

Nikauliza kama wamemwuliza Fundi. Hawakuwa wamemwuliza. Akaitwa.

"Msiipakie," akasema.

"Nini?"

"Hiyo kona. Mkupuo mzima ni chupa mia sita. Kona ni thelathini na sita. Iacheni tupu, wekeni kizuizi cha chuma, mtu asiweze kupakia hata akitaka. Bomba likija mtajaza."

Watu wenye shahada wameizunguka kona hiyo wiki nne. Akakitengeneza kizuizi mchana ule ule kwa vyuma vilivyokuwa vimefunga lile sanduku la mbao la mashine ya kujaza. Tukajaribu mara tatu. Kila chupa iliyomo ilivuka 121.

Nimewaambia: andikeni utaratibu huo, wafundisheni wale sita kwa kweli, mrudisheni Fundi kwenye tanuri, nami nitakuja tarehe saba Mei. Mkitimiza, nitapendekeza cheti. Mkurugenzi amekubali. Leo nimekula chakula chote.

Jumatatu, 22 Aprili

Simu kutoka kiwandani. Fundi amerudishwa kwenye tanuri. Mvua imepungua.

Jumanne, 7 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi mambo yalikuwa mazuri. Kizuizi kipo. Utaratibu umeandikwa, ukurasa mmoja, kwa lugha inayoeleweka. Nimewahoji wale sita mmoja mmoja; wanne wanajua, wawili wanajua nusu na wanakiri. Nikaanza kufikiri maneno ya pendekezo langu. Nikabakiza jambo la mwisho: fomu ya tanuri, ambayo itajazwa kila mkupuo, yenye joto, muda, na neno kwamba kona ni tupu. Nikaomba kuona fomu iliyo wazi.

Dada wa Ubora akatoka, Mshauri akaingia badala yake na faili. Akalifungua mbele yangu kwa fahari.

Fomu thelathini. Zimejazwa. Tarehe za Juni. Joto 121.3, 121.4, 121.2, 121.4. Kona tupu: ndiyo. Kona tupu: ndiyo. Kona tupu: ndiyo. Chini ya kila moja, sahihi ya Fundi.

"Leo ni tarehe ngapi?" nikauliza.

"Tuliona utauliza kumbukumbu, mzee. Tukatayarisha. Na uzalishaji ukianza kutakuwa na haraka, watu watasahau kujaza."

Sikuwa na hasira. Hasira ningeijua. Ilikuwa ni ile hali ya kuinua jiwe na kuona kilicho chini yake. Hawa watu walikuwa na ukweli, ukweli mzuri, usiowagharimu chochote isipokuwa kungoja utokee. Hata huo wakauandika kabla. Arobaini za kwanza niliziona ni woga. Hizi thelathini hazikuwa woga. Ndivyo mkono wao ulivyozoea.

Nikamwita Fundi, nikamwita Mkurugenzi. Fundi akaangalia karatasi ya kwanza.

"Sahihi ni yangu," akasema. "Mkono si wangu."

Mkurugenzi akamshika bega. "Fundi, ni karatasi tu. Utakayoyafanya si ni haya haya?"

"Basi nitakapoyafanya nitasaini."

"Unataka tukose zabuni kwa ajili ya kalamu?"

"Mkurugenzi, siku moja mtu akifa kitandani wataitafuta karatasi hii. Hawatakutafuta wewe."

Hapo nilikielewa alichokuwa anakipigania tangu siku ya kwanza aliyochukua kalamu ya bluu, nami nilidhani ni tanuri tu. Mkurugenzi akaondoa mkono begani na kusema, polepole, kwamba asiyetaka kusaidia kampuni asifikiri lango bado lina nafasi. Kila mtu alielewa. Fundi pia.

Akaniuliza mimi kama ana ruhusa ya kurekebisha. Nikamwambia faili la tatu linasema: kosa la maandishi halifutwi, hupigwa mstari mmoja, tarehe ya leo, na sahihi ya aliyerekebisha. Akaketi. Akapiga mstari wa kwanza juu ya sahihi ile, akaandika tarehe saba Mei, akasaini kwa ule mwandiko wake mkubwa ulioinama. Akavuta ya pili. Alipofika kama ya kumi Dada wa Ubora akaingia, akasimama, akaona. Nilidhani ataondoka. Akaenda kwenye kabati, akafungua droo ya chini, akaweka rundo jingine mezani mbele ya Fundi.

"Zipo nyingine sitini," akasema. "Nilisaini mimi, kwa jina lako. Nisamehe, kaka."

Akavuta kiti, akakaa karibu naye, akawa anamgeuzia kurasa.

Tisini. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyoona mfumo ule ukifanya kazi.

Jumanne, 14 Mei

Ripoti imekwenda: cheti kisitolewe. Nakala nimeipeleka kwa mamlaka ya dawa, kwa kuwa mkataba wetu wa siri unaisha pale uhai wa watu unapoanza. Kazini wameniambia nimekuwa mkali kwa kiwanda ambacho hakijamdhuru mtu. Nikawaeleza habari za mpishi na visu. Nimechoka kuieleza.

Jumatatu, 20 Mei

Jua. Fundi amekuja nyumbani mchana, amevaa shati lake mwenyewe. Wamemwachisha kazi Ijumaa. Dada wa Ubora amejiuzulu siku hiyo hiyo. Wamepata mkaguzi mwingine, mwenye haraka, atakayekagua mafaili bila kusafiri. Kama mamlaka ya dawa itamwahi au la, sijui.

Mke wangu akamkaribisha chai. Nilitafuta maneno ya kumwomba radhi kwa ajili ya namba ishirini na tatu. Akanizuia kwa mkono.

"Mzee, sikuja kwa hayo. Kuna kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, wana tanuri, wanataka fundi. Watauliza kwa nini nimeachishwa. Niandikie."

"Niandikeje?"

"Ilivyokuwa."

Nikachukua karatasi. Nilianza na aya mbili za maelezo, tabia yangu, nikazichana. Kisha nikaandika: Mwenye barua hii ameachishwa kazi kwa kukataa sahihi yake isimame chini ya kazi ambayo bado haijafanyika. Nikaweka tarehe ya leo na jina langu.

Akaisoma, midomo ikienda taratibu.

"Itanisaidia au itaniharibia?"

"Sijui, mwanangu. Inategemea atakayeisoma ni mtu wa aina gani."

Akaikunja mara mbili na kuitia mfuko wa shati. "Basi," akasema, "nitamjua kabla sijaanza."